Viboko wa Kyavinyonge

Neno safari ni letu. Mama aendaye kuuza mihogo sokoni Butembo yuko safarini, na padri atembeleaye vituo vyake yuko safarini. Wageni wamelitwaa neno hilo wakalipa maana nyingine: kwao safari ni kupanda motokari, kubeba mashine ya picha, na kwenda kutazama simba na tembo. Siwalaumu, maana nyama hao wapendeza kweli. Lakini sisi tukaao kando ya Parke ya Virunga huwaona bila kulipa tikiti, na mara nyingi bila kuwatafuta, kwa kuwa njia zetu na njia zao hukutana. Nataka kuwasimulia wale niliowaona katika safari moja ya namna yetu, yaani safari ya kazi.

Katika Kwarezima ya mwaka 2025 nilitumwa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Ziwa Edward, nimsaidie katekista wa huko kuwatayarisha wakatekumeni wa Pasaka. Vita vilikuwa vimekwisha kufika kusini ya teritwari ya Lubero tangu mwaka 2024, na watu waliokimbia walikuwa wengi kila mahali. Nilishuka kwa pikipiki kwa njia ya Kyondo. Butembo ni mji wa baridi, uko juu kupita mita 1,700. Ziwa liko kwenye mita 912 tu. Ukiondoka asubuhi umevaa koti, saa sita umelifunga kiunoni. Mara milima yakoma, na mbele yako waona uwanda wa majani, na nyuma ya majani maji meupe mpaka upande wa Uganda.

Siku ya tatu tulikwenda na katekista mwenzangu mpaka mahali mto Semliki utokapo ziwani. Ng'ambo ni Ishango. Pale ndipo Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua, mwaka 1950, mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochorwa kwa mpango, ambao wataalamu wasema una miaka 20,000 hivi. Alipata pia ncha za mikuki ya kuvulia samaki, zilizotengenezwa kwa mifupa. Basi watu walivua pale kabla ya Ibrahimu, kabla ya Misri na mafarao wake. Mfupa wenyewe uko Bruseli; sisi tumebaki na mto.

Tulikaa chini ya mti tukala ndizi zetu. Katekista akanigusa bega. Ng'ambo, tembo walikuwa wanashuka majini mmoja mmoja, bila haraka, wakubwa mbele na nyuma, watoto katikati. Nilihesabu 17, kisha wakachanganyika, nikaacha. Kitu kilichonishangaza si ukubwa wao, ni ukimya. Watu 17 wakishuka kuoga, kijiji kizima chajua. Tembo hao walishuka kama wakristu waendao kupokea Komunyo.

Zamani za babu zetu tembo wa parke hii walihesabiwa kwa maelfu. Baadaye bunduki ziliwapunguza mno, wengine wakakimbilia Uganda. Mwaka 2020 kundi kubwa, la tembo karibu 580, lilivuka mpaka likarudi Kongo. Walinzi wa parke waeleza kwamba tangu hapo tembo wameangusha vichaka vilivyokuwa vimeufunika uwanda, majani yakaota tena, na nyati na nyamera wakayafuata majani. Ni kama mwenye shamba aliyerudi kutoka ukimbizini.

Hata hivyo, watu wa parokia wakiniuliza, "Mwalimu, huko uliona nini?", siwaanzii tembo. Nawaanzia kiboko.

Usiku wa kwanza nililala katika nyumba ya mbao karibu na kanisa. Kama saa nne nikasikia nyuma ya ukuta mtu anang'oa majani: kra, kisha kimya, kisha kra tena. Nikadhani ni mbuzi wa jirani aliyekata kamba. Nikafungua mlango kidogo. Mwezi ulikuwa unang'aa. Hatua sita kutoka kizingiti alisimama mnyama mpana kama kamiyo ndogo, mgongo waking'aa kwa maji, kichwa chini, anakula. Alivuta majani kwa midomo, wala hakuinua macho. Mwenye nyumba akasema kutoka kitandani mwake, "Mwalimu, funga mlango. Ni jirani." Nikafunga. Sikulala mapema, nawaambia kweli, lakini nilifurahi.

Kila jioni jua linapozama, viboko hutoka majini na kutafuta majani ya nchi kavu. Kiboko mmoja hula karibu kilo 40 usiku mmoja, na kabla ya jua kuwa kali hurudi ziwani, maana ngozi yake haivumilii kukauka. Mchana utaona masikio, macho na pua tu juu ya maji. Akizama, hukaa kama dakika tano, kisha hutoka na kupuliza maji kwa kishindo, na watoto wa kijiji hucheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Katika Kitabu cha Yobu ametajwa Behemoti, mnyama mwenye nguvu akaaye kati ya matete. Wafasiri wengi wadhani ni kiboko. Aliyekaa Kyavinyonge wiki moja hana shaka.

Mzee mmoja mvuvi, mkristu wa tangu ujana, alinichukua katika mtumbwi wake asubuhi moja. Tulipokaribia kundi la viboko aliinua kasia, akangoja.

"Mzee, wanakula samaki wako?" nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesikia hivyo Butembo.

Akacheka. "Mwanangu, hao wasemao hivyo hununua samaki sokoni. Kiboko hagusi samaki. Kiboko ndiye anayewalisha."

Akanieleza kwa maneno ya mvuvi jambo ambalo wataalamu walieleza kwa maneno yao. Kiboko hula majani huko juu usiku, na mchana huacha samadi yake majini. Samadi hiyo hufanya maji yaote uchafu mdogo wa kijani, ambao macho hayauoni vizuri. Tilapia na wadudu wa majini hula kijani hicho, na samaki wengine hula hao. Kwa hiyo usiku hadi usiku viboko huhamisha rutuba ya uwanda na kuitia ziwani, kama mkulima abebaye mbolea kichwani. Yule tilapia ambaye mkristu wa Butembo amla Ijumaa ya Kwarezima, akidhani amejinyima nyama, alianza kama majani nyuma ya nyumba niliyolala.

Katika miaka ya 1970 parke hii ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000, na watu walisema hakuna mahali duniani palipowazidi. Vikaja vita. Askari wenye njaa na watu wa msituni wenye bunduki waliwapiga kwa ajili ya nyama, na meno yao yakauzwa kama pembe. Walipohesabiwa mwaka 2005 na 2006 hawakufika 1,000. Wameongezeka kidogo tangu hapo, kwa gharama ya damu: walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini, na siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, waliuawa 12 karibu na Rumangabo. Yule mzee alisema baba yake alikuwa akitupa wavu mara moja na kurudi; yeye hukesha, na asubuhi samaki hawajai beseni. Sisemi ni kwa sababu ya viboko tu. Mitumbwi imezidi ile iliyoruhusiwa, na nyavu za macho madogo huchukua hata watoto wa samaki. Wavuvi wenyewe hukiri hivyo ukikaa nao jioni.

Sasa nisimulie jambo ambalo si rahisi. Somo la kwanza la Mkesha wa Pasaka ni uumbaji, nami niliwaeleza wakatekumeni habari hiyo: jinsi Mungu alivyotazama kila alichokiumba akakiona kuwa chema. Mama mmoja aliyeketi nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akainua mkono.

"Mwalimu, hata kiboko?"

Watu wakainamisha vichwa. Nilijua baadaye tu kwamba mumewe aliuawa na kiboko mwaka uliotangulia. Mtumbwi ulipinduliwa alfajiri, akaumwa, hakufika pwani akiwa mzima. Si yeye peke yake. Katika vijiji vya ziwa hili wajane wa namna hiyo wako.

Seminarini tulifundishwa namna ya kujibu swali la ubaya duniani, na majibu yale ni ya kweli. Lakini nilimtazama mama yule na mtoto wake, nikasema neno fupi. "Ndiyo, mama, hata kiboko. Yeye hajui chuki. Na Mungu ajua kilio chako."

Akajibu bila hasira, "Najua hajui. Mimi nauza samaki, Mwalimu, najua samaki watoka wapi. Ila usiku nikimsikia nje nafunika masikio."

Hakuna aliyeongeza neno. Tukasali, tukaendelea.

Wiki ile ile habari zikafika kwa wavuvi waliotoka kusini. Katika mto Ishasha, ambao hutenga Kongo na Uganda na kumwaga maji yake katika ziwa hili, viboko walikuwa wanaelea wamekufa, matumbo juu. Hesabu iliyotangazwa na wakubwa wa parke mwezi wa Aprili ilikuwa 50 na zaidi, pamoja na nyati. Haikuwa bunduki safari hii. Ilikuwa kimeta, ugonjwa ambao madaktari huuita antraksi. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, na mnyama huzipata alishapo chini kabisa. Mtu naye huupata akishika mzoga au akila nyama yake, na aweza kufa. Wakubwa wakaagiza watu wasiguse nyama wa pori, tena wachemshe maji.

Jumapili ya Matawi tulisoma agizo hilo kanisani, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Ndugu, agizo kama hilo ni jepesi kulisoma na zito kulisikia. Kijijini mlikuwa na wakimbizi waliokula mara moja kwa siku. Kiboko mmoja ni nyama ya kijiji kizima, na sikukuu ilikuwa karibu. Jioni vijana wawili walikuja mlangoni. Mmoja akasema kwa adabu, "Mwalimu, na kama mzoga ukiletwa na maji mpaka hapa, nasi tukaupika sana, siku nzima?" Nikamwambia moto wampata mpikaji akiwa amekwisha kuchinja, na ugonjwa huanza mikononi. Wakanyamaza. Aliyejibu vizuri kuliko mimi alikuwa yule mama mjane, aliyekuwa akipita na beseni lake. "Wanangu," akasema, "huyo akiwa mzima ameniua mume. Mwataka awaue ninyi akiwa amekufa?" Vijana wakacheka wakaondoka, na nafikiri habari hiyo ilitembea kijijini kupita tangazo letu.

Jumamosi Takatifu tulichemsha maji ya ubatizo. Akina mama walikoka moto tangu mchana nyuma ya kanisa, sufuria tatu kubwa, wakayapoza katika mapipa yaliyofunikwa kwa vitambaa safi. Padri alipoyabariki usiku yalikuwa bado vuguvugu. Wakatekumeni 31 walibatizwa, na yule mama kati yao. Alichagua jina Monika. Mtoto wake alilia maji yalipomgusa, kama watoto wote.

Asubuhi ya Pasaka nilikwenda ufukoni kuaga. Marabu walikuwa wamepanga mstari juu ya mapaa wakingoja matumbo ya samaki, wazee wabaya wa sura ambao siwezi kuwasifu hata kwa sikukuu. Mitumbwi ilikuwa inarudi. Karibu na matete alikuwako kiboko mke na mtoto wake, mdogo sana, mweusi mwenye mashavu ya waridi, amepanda mgongo wa mama kama juu ya jiwe. Mzee wangu mvuvi aliwaona mapema akageuza mtumbwi, akazunguka mbali nao, njia ndefu, ingawa alikuwa amekesha na mikono imechoka.

Mama Monika alikuwa anamngoja pwani na beseni. Akawatazama wale wawili muda kidogo. Kisha akamwuliza mzee bei ya samaki.