Mzee Mlevi wa Karatina

Kibanda cha video kilikuwa cha mabati, nyuma ya soko la Karatina, na ikifika Julai baridi ya mlima iliingia kwa kila tundu la msumari. Tulilipa shilingi tano tukabanana kwenye mabenchi kama viazi guniani. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo filamu moja tungeiona hata mara ishirini. Jina la mwongozaji halikumhusu mtu. Tuliyemjua ni staringi, na staringi hafi.

Kanda iliyochakaa kuliko zote ilikuwa Drunken Master ya mwaka 1978. Jackie Chan, kijana mtundu, anakabidhiwa kwa mzee mwenye pua nyekundu, Beggar So, amfunze kupigana kwa mitindo ya walevi. Hapo tulishangaa. Walevi wa muratina, pombe yetu ya kienyeji, tuliwajua. Waliyumba vilevile, ila waliopigana nao ni mitaro, na mitaro ilishinda.

Siku moja Cucu, nyanya yangu, alinifuata na fimbo, maana nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Alimkuta Jackie Chan amebanwa na Hwang Jang-lee, yule bwana wa mateke. Mitindo yote imemwishia, umebaki ule wa mwanamke tu, ambao alikuwa amedharau kujifunza. Akaanza kukata kiuno. Cucu akasimama mlangoni, fimbo ikashuka. Mwenye kibanda hakuthubutu kumdai pesa.

Njiani akauliza jambo moja: "Na yule mzee, hana watoto wa kumrudisha nyumbani?"

"Cucu, hiyo ni filamu tu."

Hakuridhika.

Baadaye zikaja VCD, na DJ Afro akitusimulia kila ngumi kwa Kiswahili cha mtaani. Wapo wanaosema aliziharibu filamu. Mimi nasema alizitunza.

Majuzi nimeitazama tena, peke yangu, safari hii nikisoma majina. Mwongozaji ni Yuen Woo-ping, yuleyule aliyepanga mapigano ya The Matrix ya mwaka 1999. Hiyo niliiona Nyeri mjini, nisijue kwamba mkono ule tulishakutana nao Karatina. Na Beggar So ni Yuen Siu-tien, baba yake mzazi, aliyefariki mapema mwaka 1979, miezi michache tu baada ya filamu kutoka.

Kumbe mtoto alikuwepo, Cucu. Alikuwa nyuma ya kamera, akimwambia mzee ayumbe tena.