Bega Lililoganda

Yako maradhi yasiyomlaza mtu kitandani wala kumkondesha, na juu ya hayo yakamtaabisha usiku na mchana. Miongoni mwao ni haya ya bega kuganda, ambayo huwapata zaidi watu wa umri baina ya miaka 40 na 60, na wanawake kuliko wanaume. Twayaeleza kwa sababu yametupata sisi wenyewe, na kwa sababu mitaani kwetu mwenye nayo huambiwa ana baridi yabisi, kisha huachwa hivyo hivyo.

Kwetu yalianza kwa maumivu madogo ya bega la kulia, tusijue tumejigonga wapi. Baada ya wiki chache hatukuweza kulilalia. Halafu mkono ukaanza kufupika, kama wa mtu aliyeshonewa kanzu ya kubana makwapani. Chuoni ikawa twaandika chini ya ubao tu, na watoto wa nyuma hawaoni. Kuvaa kanzu ikawa kazi ya watu wawili. Na katika sala, mkono wa kushoto huinuka kwa takbira na wa kulia hukomea kifuani. Twajua ya kwamba kuinua mikono ni sunna, wala sala haiharibiki kwa kutoinua. Lakini jambo ulilozoea tangu utotoni huliona uchungu likikutoka.

Ushauri haukukosekana. Wako waliosema tuufunge mkono kwa kitambaa shingoni, usitikisike mpaka upone. Huo ndio tunaoupinga hapa, maana kiungo kisichotumika huzidi kukaza. Tulikwenda hospitali, na daktari akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la wanafunzi wetu wa zamani. Akatuamkia, akaushika mkono na kuugeuza nje taratibu, haukwenda. Akasema, "Maalim, hata mimi nikiusukuma hauendi. Umepimwa sukari?"

Bega na sukari vina udugu gani? Akatueleza kwamba kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko uliolegea, ndiyo maana mkono huzunguka kila upande. Katika maradhi haya mfuko huo huwa mnene na kujikunja, na wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko watu wengine. Jina hili la bega lililoganda alilitoa daktari mpasuaji wa Marekani, Codman, mwaka 1934. Basi tukapimwa, na sukari ikaonekana imepanda. Bega ndilo lililotuletea habari ya maradhi makubwa kuliko lenyewe.

Ama mazoezi, ni mepesi hata mtu huona haya kuyaita dawa. Kwanza huinama ukaegemea meza kwa mkono mzima, na ule mgonjwa ukauacha uning'inie na kuyumba, mbele na nyuma, kisha kwa duara. Halafu husimama mbele ya ukuta ukavitambaza vidole juu kama buibui, mpaka pale panapovuta. Kisha hushika taulo nyuma ya mgongo, mkono mzima juu na mgonjwa chini, ukavuta kidogo kidogo. Hufanywa kila siku, baada ya kulikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Kule kuvuta huvumiliwa, lakini maumivu yakibaki makali baada ya zoezi, umezidisha. Wakandaji wanaouvuta mkono kwa nguvu mpaka mtu apige kelele, sisi hatuwaafiki.

Lisilopendeza ni muda wake: kuuma, kisha kukaza, kisha kulegea, yote huweza kuchukua mwaka 1 mpaka 3.

Wala si kila bega linalouma ni hili. Maumivu yanayotoka shingoni na kushuka vidoleni pamoja na ganzi, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Na yakija ghafla pamoja na kifua kubana na kutokwa na jasho, huenda ni moyo. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Sisi tumo katika mwezi wa 14. Ukutani pana alama za chaki, kila mwezi moja. Ya kwanza iko usawa wa kifua, na ya mwisho imepita kichwa. Kanzu twavaa peke yetu. Kujikuna mgongo bado.