Dishi la Baba

Dishi halikai juu ya bati la uswahilini bure bure. Linasema. La kwetu lilisema kwa miaka saba kwamba humu ndani kuna mtu ana kazi.

Kiwanda kilipompunguza Baba, kifurushi nacho kikaisha. Jioni akawa anakaa mbele ya kioo cheusi, remoti mkononi, haongei. Dishi likabaki juu likidanganya majirani, na hakuna aliyethubutu kusema lishushwe. Mimi, kijana wa kidato cha nne mwenye madaftari manne ya riwaya isiyokwisha, nilikuwa na vijisenti vya kubeba zege. Nikaenda Kariakoo kutafuta antena.

Muuzaji akanitolea tatu. Ya kwanza ndogo, ya kuweka juu ya kabati. Nikaikataa, maana nyumba yetu ni ya bati na bati huzuia mawimbi. Ya pili ina mota, inajizungusha kwa remoti, tena ina busta. Jamaa aliisifu mpaka mate yakamkauka! Lakini fundi wa mtaani kwetu alishanionya: busta hukuza mawimbi pamoja na makelele yake, na aliye karibu na mnara haihitaji. Ya tatu ni ile ya vijiti, kama mfupa wa samaki. Vijiti vifupi, vya UHF, ambako ndiko matangazo ya dijitali hupita. Nikachukua hiyo, pamoja na king'amuzi cha antena. Waya sikununua, ule wa dishi unafaa.

Kazi ikawa nyumbani.

"Baba," nikasema, "naomba nipande juu."

Akaniangalia, akaliangalia boksi. Kimya. Nikajua leo nimeyakoroga. Halafu akainuka, akatoka, akaenda mwenyewe kwa jirani kuazima ngazi.

Juu ya bati nilitazama antena za majirani zimeelekea wapi, nami nikaelekeza yangu huko huko. Dishi hutazama mbinguni kwenye setilaiti, antena hutazama mnara wa hapa hapa duniani. Mama akawa ndani anasoma kipimo cha mawimbi kwenye kioo, Baba dirishani anapokea na kunipigia kelele.

"Thelathini! Arobaini! Aah, umepitiliza, rudisha wewe!"

Nikashangaa anavyojua. Kumbe televisheni zilipoanza Bara mwaka 1994, yeye ndiye alikuwa mtoto wa juu ya bati, na babu ndiye wa dirishani. Enzi zile picha mbovu ilikuja na chenga, watu wakatazama hivyo hivyo. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, chenga hakuna. Mawimbi yakipungua, picha hukatika vipande vipande, kisha giza.

"Sabini na mbili! Hapo hapo, usiguse!"

Mtaa mzima ulimsikia. Ilikuwa miezi mitano sijasikia sauti ile.

Tuna chaneli chache za nyumbani, mpira wa Ulaya hatuna tena. Dishi tulilishusha pamoja. Sasa Mama anaanikia mihogo.

Katika riwaya yangu yumo mzee aliyeachishwa kazi. Nilikuwa nimemwandikia kilio cha kurasa sita. Usiku ule nilizichana zote. Sasa anakwenda kwa jirani kuazima ngazi.