Mimi, Mzee na Bosi kando ya reli

Ukimwambia mtu wa Kariakoo kwamba nyumbani kwenu kila asubuhi kuna mtu anatoka kutembeza mbwa, atakucheka kwanza, halafu atakuuliza mmehamia lini Masaki. Mbwa wa kutembezwa ni wa huko, kwenye mageti na bustani. Kwetu mbwa ni wa stoo, anafungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku alinde mali za watu. Au ni koko tu, anagombania mifupa na paka. Sasa mpenzi msomaji, sisi tunakaa Kariakoo yenyewe, nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati na uani tunachangia, moja ya zile chache ambazo hazijawa ghorofa. Na mbwa tunaye. Anaitwa Bosi.

Bosi ni wa baba yangu. Mzee alifanya kazi kwenye genge la reli Kilosa zaidi ya miaka 30. Kwa wasiojua, genge ni lile kundi la wafanyakazi wanaotunza kipande chao cha njia. Kila siku mtu anatembea kwa miguu juu ya mataruma, anakagua kama boliti imelegea, kama kokoto zimemomonyoka, kama taruma limeoza. Njia ile Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na tangu siku hiyo lazima kuna mtu ameitembea. Kule Kilosa adui ni mto Mkondoa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 baba yangu hakulala nyumbani. Na mafuriko ya mwisho wa 2009 yalipoing'oa reli, alikuwa ameshastaafu siku nyingi, lakini alivaa mabuti akaenda kuangalia. Mama alimkemea mpaka sauti ikamkauka.

Mama alifariki mwaka 2019. Tulikaa kikao cha ndugu baada ya arobaini, ikaamuliwa Mzee aje kwangu kwa sababu ya presha yake. Akakubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe likaja naye juu ya Fuso la mahindi, ulimi nje, limefungwa kamba ya katani shingoni.

Mume wangu ni mtu mpole. Alimpokea mkwewe vizuri, akabeba sanduku lake mwenyewe. Usiku akaniambia taratibu, "Mama Jeni, mimi nilioa binti wa mzee. Mbwa hakuwepo kwenye barua ya posa." Tulicheka, lakini nilijua anamaanisha.

Tatizo lenyewe lilikuwa uani. Uani kwetu ndiyo jiko, ndiyo bafu, ndiyo kamba ya kuanikia. Chumba cha mwisho anakaa bibi mmoja wa Kiunguja, mtu wa sala tano, na kanga zake za kusalia huanikwa hapo. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mbwa akikugusa akiwa na majimaji, au akiramba chombo, ni najisi nzito. Unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Si chuki, ni ibada. Sasa mvua imenyesha, Bosi kalowa, anakuja katikati ya uani anajikung'uta kama mbwa yeyote anavyojikung'uta, na kanga tatu zipo kwenye kamba. Siku hiyo bibi hakugomba. Alizianua kimya akaanza kuzifua upya. Afadhali angegomba.

Wengine ndio waliokwenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaja, akasema maneno machache: mwisho wa mwezi mbwa asiwepo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakujibu kitu, alinyanyuka akaingia chumbani, na nilipomfuata nikamkuta anakunja mashati. Anarudi Kilosa. Kurudi wapi? Nyumba ilikuwa na wapangaji, mama yupo kaburini, na dawa zake mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha. Kuna wanawake wenzangu mtanielewa. Upande huu baba, upande huu ndoa, na katikati chumba unachokilipia kodi ya miezi sita mbele.

Nadhani nisingemshikia bango kiasi kile kama si zile asubuhi. Daktari alikuwa amemwambia atembee, na mimi nilimfuata kwa kuogopa bodaboda zisimgonge. Tulikuwa tunatoka nyumbani tunaifuata Msimbazi mpaka Kamata. Alfajiri Kariakoo imeshaamka zamani, mikokoteni inakimbia, malori yanashusha matenga ya nyanya, mamantilie wamewasha moto. Kila hatua mtu anauliza, "Mzee, anauma?" Mzee anajibu, "Ana cheti cha chanjo, wewe unacho?" Tukifika kwenye reli mwendo wa Mzee unabadilika. Miaka ile watu walikuwa bado wanapita kando ya njia kuelekea Ilala na Buguruni, kinamama na mabeseni vichwani, wanafunzi, mafundi, kila mtu na uchochoro wake. Treni ya abiria ya mjini, ile ambayo watu waliibatiza jina la Mwakyembe tangu ilipoanza Oktoba 2012, ilikuwa inapita, na Mzee alikuwa anajua inakuja kabla ya Bosi. Ananivuta kanga, tunasogea mbali kabisa, tunasimama mpaka behewa la mwisho lipite. Halafu anaanza tena kuhesabu mataruma mabovu ambayo hakuna mtu aliyemtuma kuyahesabu.

Na anaongea. Nyumbani baba yangu hakuwa msemaji, sisi watoto tulimjua kwa kikohozi chake mlangoni. Kando ya reli ndipo aliponiambia kwamba mama alikuwa anauza mayai ya kuchemsha stesheni, na kwamba yeye alinunua mayai mawili kila siku kwa miezi minane. Baba yangu hali mayai. Alikuwa anawapa vijana wa genge. Nilikuwa na miaka 41 siku ninasikia habari hiyo, nikasimama pale kwenye kokoto nikajifanya kamba ya raba imefunguka.

Basi, mwezi ule wa notisi, mdogo wangu anayeishi London akatuma video. Kwao kuna njia ya miguu inaitwa Parkland Walk, kutoka Finsbury Park kwenda Alexandra Palace. Zamani ilikuwa reli. Treni za abiria zilisimamishwa mwaka 1954, na mwaka 1984 ikafunguliwa kuwa njia ya watu kutembea. Kwenye video miti imefunga juu kama handaki, watu wanapita na mbwa wao, mmoja ana watatu, na mahali fulani majukwaa ya stesheni bado yapo pande zote mbili, yameota majani. Mdogo wangu anasema, "Baba, ona, huku Bosi angekuwa mfalme." Mzee alishika simu karibu na pua, akaitazama mara mbili. Nilidhani atafurahi.

"Reli yenyewe imekwenda wapi?"

"Waliing'oa, baba."

"Na hao watu wanacheka?"

Yule bibi wa Unguja alikuwa anachambua mchele upande wa pili wa uani. Hakuwa amesema neno na baba yangu tangu siku ya kanga. Akasema bila kuinua kichwa, "Hata kwetu waliing'oa." Mzee akageuka. Nikasikia mambo ambayo shuleni sikufundishwa. Unguja walikuwa na treni. Kampuni ya Wamarekani iliijenga, ikaanza mwaka 1905, kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, kama maili saba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha, na barabara ya magari ikachukua nafasi yake. Bibi yake aliipanda akiwa msichana. Wengine husema jina la Bububu ni mlio wa treni, wengine mlio wa maji ya chemchemi, na yeye alishikilia maji. Alichokumbuka zaidi kutoka kwa bibi yake ni moshi: treni ikipita, nguo nyeupe zilizoanikwa zinageuka kaniki. "Na watu hawakuing'oa kwa sababu ya nguo," akasema, akaendelea na mchele wake. Mzee akauliza mataruma yalikuwa ya mti gani. Hakujua. Akauliza upana wa njia. Hakujua vilevile, lakini sasa alikuwa anacheka.

Kesho yake alikuja na masharti yake kwangu, si kwa Mzee. Kamba ya nguo ihamie ukutani kwake. Bosi apite mlango wa nyuma, wa uchochoroni, korido asiikanyage. Asubuhi asitolewe mpaka watu wamerudi msikitini, maana mtu ana udhu wake njiani. Chombo chake kisioshwe kwenye karo. Mwenye nyumba ataongea naye yeye, kwa vile alimjua tangu ananyonya. Sijui walichoongea. Mwisho wa mwezi ulipita, na Jumapili moja nikamkuta mume wangu na nyundo, anapigilia bati kona ya nyuma. Nikamuuliza anajenga nini. "Posa ya mbwa," akasema.

Nchi zile za wenzetu, reli ikifa watu wanapewa njia ya kutembea. (Ingawa New York, kwenye ile reli ya juu waliyoigeuza bustani mwaka 2009, High Line, mbwa haruhusiwi. Mzee alipoambiwa alisema hao ndio wenye akili kidogo.) Kwetu imekuwa kinyume: reli imefufuka, na njia ya miguu ndiyo iliyokufa. Ujenzi wa reli mpya ya kisasa ulizinduliwa Aprili 2017, na kadiri ulivyosonga, ukuta na uzio vikafunga vichochoro vyetu kimoja baada ya kingine. Ni haki, treni ya umeme si ya kuchezewa na mabeseni ya nyanya. Lakini nilimwona Mzee siku alipofika kwenye kichochoro chake akakuta kimezibwa. Aligusa uzio na fimbo, akaangalia kazi ya wachomeleaji, akasema imefanywa vizuri. Wiki nzima hakutaka kutoka.

Tulipata njia nyingine. Machinga walipohamishwa barabarani Oktoba 2021, kwa muda tulitembea pembezoni mwa Msimbazi kama watu wa Masaki kweli, mpaka meza zilipoanza kurudi. Siku hizi Mzee hafiki mbali, na Bosi naye miguu ya nyuma imeanza kugoma. Tunakwenda mahali unapoliona daraja la reli mpya, tunakaa juu ya tofali. Treni zilianza kubeba abiria kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Mzee aliangalia ya kwanza aliyoiona bila kusema kitu mpaka ikapotea. Kisha akauliza, "Haina mlio?" Njia ya zamani upana wake ni mita moja, hii milimita 1,435, na ameniambia hivyo mara nyingi mno.

Sasa anataka kuipanda. Anataka kwenda Kilosa kwa treni hiyo, akaone kaburi la mama na akaone mto Mkondoa walivyoukabili safari hii. Mume wangu ameshasema atampeleka yeye, siku tatu, na tiketi atanunua yeye. Lililobaki ni Bosi, kwa sababu juma hilo mimi niko kazini mchana kutwa. Jana niliuliza uani, kwa jumla, bila kumtazama mtu.

Bibi wa chumba cha mwisho alinyamaza kidogo. Akasema hata wale watu wa pangoni walikuwa na mbwa wao, na alilala kizingitini. "Mfunge hapo mlangoni pangu, kwa nje. Ndani haingii."

Mzee amemwachia maelekezo yote, pamoja na saa ya kutembea.