Siku Nne Mlima Kenya

Tulikuwa wanawake sita, wazaliwa wa joto la Mombasa, tulipoingia lango la Sirimon na mizigo mgongoni pamoja na waongozaji wawili. Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi, na jioni tukafika kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu ya usawa wa bahari.

Siku ya pili tulipanda Bonde la Mackinder kutwa nzima, baina ya lobelia ndefu kuliko mtu. Maji ya kijito yaliuma vidole tulipotawadha. Adhuhuri na Alasiri tukazikusanya na kuzipunguza, kama aruhusiwavyo msafiri.

Usiku ule, kambini Shipton's, mita 4,200, mwenzetu mmoja aliumwa na kichwa, akatapika, kisha akawa anapepesuka. Ugonjwa wa mwinuko una tiba moja ya kutegemewa, nayo ni kushuka. Dawa ya maumivu huweza kuficha hatari tu. Akalia: “Niacheni nilale, asubuhi nitapanda.” Mkubwa wetu akamjibu, “Mwanangu, kilele hakihami,” naye mwenyewe akawa wa kwanza kufunga mzigo. Watatu wakashuka kwa kurunzi na mwongozaji mmoja.

Sisi tuliosalia tuliondoka saa tisa za usiku. Jua lilitukuta Lenana, mita 4,985, Batian ikiwa mbele yetu, na hakuna aliyepiga kelele za furaha. Tulishuka kwa haraka isiyopendeza magoti.

Old Moses tulimkuta amekaa juani, akinywa chai na kulalamika kuwa haina tangawizi.