Mlozi wa Karonga

Hapa Ileje, tuliko sisi wa Mbebe, Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi. Ng'ambo, karibu na Karonga, alikaa Mlozi, mfanyi biashara wa pembe na watumwa. Alikuja kama mgeni. Kisha akajenga boma huko Mpata, akajiita Sultani wa Nkonde.

Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi huko Kambwe, wakayachoma moto matete walimojificha. Kampuni ya Waingereza, iliyokuwa ikinunua pembe zake, ikapigana naye. Mwaka 1889 wakapatana, lakini hakuacha kuuza watu. Desemba 1895 Johnston alimkamata. Akahukumiwa mbele ya machifu wa Wangonde, akanyongwa.

Ndugu wasomaji, mgeni mwenye bunduki huanza kwa kuuza nguo.