Eriali Iliyonitia Adabu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha angani, wala sikujua kwamba nacho kina masharti yake.

Likizo ya Agosti nilirudi kwa nyanya yangu hapa Othaya nikiwa nimevimba kichwa kwa fizikia. Kila jioni nyanya husikiliza matangazo ya vifo katika FM. Redio yake ilikuwa ikikwaruza kidogo. "Cucu, hiyo niachie mimi," nikamwambia.

Nilipiga hesabu: wimbi la megahatsi 100 lina urefu wa mita 3, nusu yake mita 1.5. Nikakata nyaya mbili za sentimita 75 kila moja, nikazipigilia kwenye ubao, moja huku na moja kule, nikaziunganisha na redio. Nikaufunga ubao juu ya mwanzi mrefu, umelala, ncha yake ikiulenga mnara wa stesheni kama bunduki ya mwindaji.

Lo! Redio ikazidi kukwaruza. Kwa kiburi nikasingizia betri. Wiki hiyo rafiki ya nyanya, waliyechuma kahawa pamoja tangu ujanani, alitangazwa. Nyanya hakusikia. Alipata habari Jumapili kanisani, marehemu akiwa ameshazikwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningalimtupia udongo." Neno hilo lilinichoma kuliko kiboko.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wa fizikia. Alipitisha kamba katikati ya fito mbili za ua zilizosimama, akaitikisa juu na chini: wimbi likapita. Alipoitikisa kushoto na kulia, likafia kwenye fito. "Huo ndio mkao wa wimbi," akasema, "wataalamu huuita polaraizesheni. Likisimama, eriali isimame, likilala, ilale." Akaniambia kuwa BBC ilipoanza FM huko Uingereza mwaka wa 1955 ilituma mawimbi ya kulala. Magari yenye eriali za kusimama yalipoongezeka, baadaye ikatuma mikao yote miwili.

Kisha akatwaa ngata ya kubebea mzigo kichwani, akachomeka penseli katikati. Penseli ni eriali, ngata ni nguvu zake: ubavuni tele, nchani hakuna kitu. Inavyotuma ndivyo inavyopokea. Kumbe niliielekezea stesheni mahali ambapo eriali ni kiziwi! "Hata wewe," mwalimu akacheka, "husikii kwa pua."

Likizo fupi ilipofika nilikwea tena. Nikaugeuza ubao, ubavu wake ukautazama mnara, sauti ikaja. Nikausimamisha wima, ikanyooka zaidi. Si kila kosa ni la eriali, kwa maana mawimbi ya FM husafiri karibu moja kwa moja, na migongo ya vilima vyetu huyakinga. Lakini kosa hili lilikuwa langu, nami nililikiri mbele ya nyanya.

"Sasa nasikia, mjukuu wangu," akasema, akaongeza sauti. Siku hizi hakuna jina linalompita. Ila lile moja halikutangazwa tena.

Basi wanachama wenzangu, elimu nusu ikipanda juu ya paa, wenye nyumba ndio huumia. Ulizeni kwanza.